Tunaiga Gauni, Tunaacha Samahani



Nawaandikia kutoka Kileo, wilaya ya Mwanga, huku chini tambarare ambako jua linapiga mpaka mbuzi wanagombania kivuli, na milima ya Upare tunaitazama kwa mbali tukitamani baridi yake. Wengine mnanijua kwa mabuibui na magauni ya harusi ninayowatumia kwa basi hadi Dar, kisha kwa boti hadi Unguja. Leo sijaja na kitambaa, nimekuja na ugomvi.

Ugomvi ulianzia kwenye kicheni pati. Bibi harusi alikuwa mteja wangu, kwa hiyo nilikaa mbele. Baada ya chakula akasimama mama mmoja aliyealikwa kutoa nasaha. Alianza vizuri: usafi, subira, kutunza siri za nyumba. Kisha akafika kwenye tamthilia. Akasema mwanamke anayekaa mbele ya tamthilia amemkaribisha shetani sebuleni. Akasema ndoa za siku hizi zinavunjwa na Waturuki, Wahindi na Wafilipino. Akamgeukia bibi harusi, akamwambia akifika kwake kitu cha kwanza auze king'amuzi. Ukumbi mzima ukaitikia, "Kweli kabisa!"

Nikawageukia walioitikia. Nusu yao walikuwa wamenong'ona tangu saa moja kwamba shughuli iishe mapema wawahi ya saa tatu usiku.

Nilinyamaza kwa sababu harusi ilikuwa ya watu. Lakini maneno yale nilishayasikia mahali pengine, na mahali hapo yaliniumiza sana. Kwa hiyo leo nayajibu. Nitakuwa mkali kwa wanaotucheka, halafu nitakuwa mkali kwetu wenyewe, maana na sisi tuna kesi.

Wao wana mpira

Nianze na jambo dogo. Wanaume wana Simba na Yanga. Mechi ni dakika 90, lakini ongeza uchambuzi wa kabla, uchambuzi wa baada, na mabishano ya kijiweni kesho yake. Mtu mzima mwenye watoto anatoka baada ya Magharibi, anarudi saa sita za usiku sauti imemkauka, na timu yake ikifungwa hatuli kwa amani siku mbili. Sijawahi kusikia mtoa nasaha anamwambia bwana harusi auze king'amuzi. Na sijawahi kusikia ndoa imevunjika watu wakamlaumu refa.

Sisemi mpira ni mbaya. Nasema kipimo kiwe kimoja. Mwanamume akiangalia watu 22 wasiomjua wakikimbiza mpira, anaambiwa anapumzika. Mwanamke akiangalia namna mtu anavyompatanisha mama na mkwe wake, anaambiwa ameharibika.

Mimi, mama mkwe na Doudou

Niliolewa nikiwa na miaka 22, nimemaliza kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Nilikuwa nimelelewa kwa shangazi yangu Tanga, nikaletwa Kileo kwa mama mkwe. Mume alikuwa dereva wa fuso, siku nyingi yuko njiani. Nyumbani tulibaki wanawake wawili na luninga moja ndogo.

Hatukuelewana. Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa makande. Mimi mtu wa Tanga naweka nazi, yeye anasema makande ya Kipare hayajawahi kuomba msaada wa nazi tangu dunia iumbwe. Tulifika mahali tukawa tunasemeshana kupitia kuku. "We kuku, ondoka hapo, wenye nyumba tunataka kupita." Aliyekuwa amekaa njiani ni mimi.

Mwaka 2011 TBC wakaonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya Doudou na mama wakwe zake. Mao Doudou ni msichana wa Beijing, si tajiri wala binti wa mfalme. Ameolewa na kijana ambaye wazazi wake waliachana, na baba akaoa tena. Basi Doudou akajikuta na mama wakwe wawili, kila mmoja na kinyongo chake, na yeye katikati. Humo hakuna bastola wala jumba la kifahari. Ni vyakula, pesa ndogo, wivu wa kina mama, na mume anayetakiwa kuchagua maneno yake vizuri.

Nilikuwa naangalia kwenye mkeka, mama mkwe amekaa kwenye kiti nyuma yangu, hatusemeshani. Taa imezimwa. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, na yeye hakuwa na haja ya kukanusha: alisema mwanga wa luninga unatosha. Siku moja mama mmoja wa kwenye tamthilia akamfanyia Doudou visa, nikasikia nyuma yangu mtu anacheka polepole. Akasema, "Huyu mama ana roho mbaya kama mimi."

Nikageuka. Tukatazamana. Tukacheka mpaka machozi.

Sikuwahi kumwambia yeye ni mkorofi, nisingethubutu. Na yeye asingeniambia mimi ni jeuri, angeonekana anaonea mkwe. Doudou alitusemea wote wawili. Tangu siku hiyo tukawa tunaangalia pamoja, na tamthilia ikiisha tunabaki kujadili: hapa mkwe amekosea, hapa mama amezidisha. Kumbe tulikuwa tunajadiliana wenyewe. Makande tukafikia mwafaka, yangu na nazi na yake bila nazi, kila mtu na sufuria yake. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping wa China alipokuja Dar es Salaam akaitaja tamthilia ile katika hotuba yake, na mama mkwe alifurahi kama aliyetajwa ni yeye.

Sasa niambieni, nani aliyeingia sebuleni kwetu miezi ile? Mimi nilimwona mpatanishi.

Kinachotuvuta

Watu hudhani tunavutwa na sura za wanaume na majumba. Sikatai, macho yana sehemu yake, na Mola atusamehe. Lakini nimeangalia miaka mingi nikishona, na nimegundua zile zilizotushika wengi zinafanana katika jambo moja.

Mnaikumbuka Noor? Ndugu zetu waliokuwa Maskati na Dubai wanaijua. Ni tamthilia ya Kituruki iliyoitwa Gümüş huko kwao. MBC wakaitia Kiarabu cha Kishamu, na mwaka 2008 ikatikisa nchi za Kiarabu. MBC walisema sehemu ya mwisho ilitazamwa na watu milioni 85. Mufti Mkuu wa Saudi Arabia akaikemea mwaka huohuo, na magazeti yakajaa habari za waume waliokasirika kwa sababu wake zao wanamsifu Muhannad.

Muhannad alifanya nini hasa? Kulikuwa na mambo humo ya kukemewa kweli, pombe na mahusiano nje ya ndoa, na mufti hakukosea kuyasema. Lakini wanawake hawakumlilia kwa hayo. Huyu ni mtu aliyeozeshwa na babu yake mke ambaye hakumpenda. Akaanza kumwona, akaanza kumsikiliza. Mkewe alipotaka kuwa mbunifu wa mavazi alimuunga mkono. Mimi fundi cherehani mnataka nisilie hapo?

Ya pili ni ya Wamarekani, Love Comes Softly. Niliipata kwenye DVD za kukodi nikaiangalia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, narudisha nyuma kila dakika tano. Ni filamu ya televisheni ya Hallmark ya mwaka 2003, iliyotokana na kitabu cha Janette Oke, na baadaye zikafuata nyingine nyingi za familia ileile. Ni ya Wakristo, wanasali kwa namna yao. Mwanamke anayeitwa Marty amefiwa na mume wakiwa safarini kwenda kuanza maisha ugenini. Hana nauli ya kurudi, hana ndugu. Mwanamume mjane, Clark, ana binti mdogo, anamwambia: nioe upate pa kulala wakati wa baridi, umlee mwanangu, na majira yakibadilika ukitaka kurudi kwenu nitakulipia nauli. Wanaoana siku hiyohiyo. Mapenzi yanakuja polepole, kwenye kukata kuni, kupika, kugombana na mtoto. Ungebadilisha nguo na hali ya hewa ungesema ni bibi zetu, waliomwona mume vizuri usiku wa harusi.

Sasa ziweke pamoja. Doudou, Noor na Marty, wote watatu hadithi yao haiishii kwenye harusi. Inaanzia hapo. Kinachotushika ni kile kinachotokea baada ya wageni kuondoka: mume kujifunza kusema "nimekosea", mama mkwe kulainika, mwanamke kuulizwa "wewe unaonaje?"

Ndicho kinachotufanya tukae mpaka usiku. Na mtu akikaa kila siku kutazama chakula kwenye picha, kabla ya kumwita mlafi muulize alikula lini.

Siku ya kikao

Hapa ndipo niliposikia maneno yale mara ya kwanza.

Nilikuwa na cherehani cha miguu nilichonunua kwa pesa za kushona sare za shule. Nilikwenda Tanga kwenye msiba. Niliporudi, pale kilipokuwa kimekaa palikuwa na alama nne za miguu yake sakafuni. Mume alikuwa amekiuza. Alikuwa na deni, na hakuniambia kabla wala baada.

Dada zangu, sikudai pesa. Sikudai kingine. Nilimwambia, "Niambie tu kwamba umenikosea." Siku ya kwanza akanyamaza. Siku ya pili akatoka. Siku ya tatu akaniambia nimeharibiwa na tamthilia.

Tukafika kwenye kikao cha wazee. Nikaulizwa lalamiko langu, nikalisema. Yeye akaulizwa, akajibu, "Huyu anataka niwe kama wanaume wa kwenye TV." Wazee wakacheka. Wanaume watano wenye vibaraghashia na umri wa kuniongoza, wakacheka, na cherehani changu kikafia kwenye kicheko hicho. Nikawa mimi ndiye mwenye kosa, kosa langu ni king'amuzi.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Mwanamke aliyekuwa ananisema kupitia kuku. Akaweka ungo chini akasema, "Baba zangu, mimi nimeangalia hizo tamthilia pamoja naye. Huyu hajaomba jumba la Istanbul. Ameomba samahani. Samahani inauzwa bei gani hapa Kileo?"

Hakuna aliyejibu. Na mwanawe hakuiomba, siku ile wala baadaye. Mwaka uliofuata tuliachana, kwa hilo na kwa mengine nisiyoyaweka hapa. Mama mkwe ameshatangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu na aliweke kaburi lake nuru.

Ndiyo maana nikisikia "tamthilia zinavunja ndoa" damu inanichemka. Mara ngapi neno hilo limetumika kumnyamazisha mwanamke mwenye haki yake? Khawla bint Tha'laba, Mwenyezi Mungu amridhie, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumlalamikia mumewe, na Mola alimsikia kutoka juu ya mbingu saba, ikateremka Suratul Mujadila. Hakuambiwa ameharibiwa na mtu.

Turudi kwa Mtume wetu (s.a.w.)

Mama yule wa nasaha alitumia dini kutufunga mdomo. Basi tusome dini yote.

Katika Bukhari na Muslim mna habari ya Wahabeshi waliokuwa wakicheza na mikuki yao msikitini Madina. Bibi Aisha (r.a.) alitaka kuwatazama. Mtume (s.a.w.) alisimama akamsitiri kwa shuka yake, naye akatazama. Alisimama mpaka Bibi Aisha mwenyewe aliporidhika. Mwenyewe anatuambia tukadirie muda huo, kwa binti mdogo apendaye mchezo. Mbora wa viumbe, mwenye mzigo wa umma mzima begani, alisimama kwa ajili ya burudani ya mkewe na hakumharakisha.

Humohumo katika Bukhari na Muslim mna hadithi ya Ummu Zar'i. Bibi Aisha anamsimulia Mtume (s.a.w.) kisa cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaahidiana kutoficha chochote kuhusu waume zao. Mmoja mmoja anaeleza: wangu mgumu kama nyama ya ngamia aliyekonda juu ya mlima, wangu hivi, wangu vile, mpaka anafika Ummu Zar'i aliyependwa, akashibishwa, kisha akaachwa. Ni kisa kirefu. Leo kingekuwa tamthilia ya sehemu kumi na moja! Na Mtume (s.a.w.) alimsikiliza mkewe mwanzo hadi mwisho. Hakusema "haya mambo ya kike". Alipomaliza akamwambia kwamba yeye kwake ni kama Abu Zar'i kwa Ummu Zar'i, na imepokewa kwamba aliongeza kuwa yeye hatamwacha.

Kwa hiyo mume anayesema "mke wangu anataka niwe kama wa kwenye TV", mwambie hapana. Yule wa kwenye TV ameandikiwa maneno na analipwa kuyasema. Kielelezo chetu kiliishi kweli, kilishona nguo zake na viatu vyake mwenyewe, na kikatufundisha kwamba mbora wetu ni aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake. Mwanamke wa Kiislamu akilia mbele ya tamthilia kwa sababu mume ameomba radhi, huenda analilia sunna aliyoikosa nyumbani.

Sifananishi tamthilia na hadithi, Mungu aniepushe. Nafananisha mume na mume.

Sasa zamu yenu, mabibi harusi

Nimewatetea vya kutosha. Sasa nisikilizeni.

Azam walionyesha kwa Kiswahili ile tamthilia ya Kituruki ya Sultani Suleiman na Hürrem, tukaijua kwa jina la Sultan. Baada ya hapo sikupumzika. Kila bibi harusi anakuja na picha kwenye simu: "Dada, nataka kama ya Hürrem." Mahameli, mikono mirefu, shingo yenye mawe, taji. Kwa stara siyalaumu magauni hayo. Lakini Hürrem alikuwa Istanbul kwenye baridi, na wewe unaolewa Kileo mwezi wa Januari! Mmoja nilimshonea hivyo kwa sababu hakutaka ushauri. Siku ya shughuli tulimpepea kwa mfuniko wa boksi la keki, jasho limeyeyusha hina ya begani, na mama yake ananitazama mimi kama ndiye niliyeleta jua.

Gauni lile lilikula pesa ambazo zingenunua vyerehani viwili. Wakati wa kupima nilimuuliza, "Mmeshazungumza mtakaa wapi? Anajua unataka kuendelea na kazi? Wewe unajua ana deni?" Akanijibu, "Hayo ya wazee, dada." Baada ya miezi michache akarudi na gauni, akaniuliza kama naweza kumtafutia wa kulikodi. Mume alikuwa amekopa kwa ajili ya harusi bila kumwambia, na walikuwa hawasemeshani. Anakaa usiku anaangalia tamthilia peke yake, analia.

Unaona tulivyo? Tumeangalia sehemu mia na kitu. Tumeona mume anakaa chini na mkewe kuzungumza madeni, tumeona mkwe anabisha hodi kuomba radhi, tumeona mzee anakusanya familia mezani. Halafu tukachukua gauni. Tunaiga gauni, tunaacha samahani. Tunachukua kile fundi anachoweza kushona kwa wiki mbili, tunaacha kile ambacho watu wawili wanashona miaka ishirini.

Na kuna uongo mmoja wa tamthilia lazima niuseme, maana mimi nimeulipia. Humo mume mgumu hulainika daima. Ukisubiri sehemu ya 40, utamwona analia mvuani. Mwandishi amepanga hivyo ili uendelee kuangalia. Nyumbani hakuna mwandishi. Mimi nilisubiri sehemu ya mwisho ambayo haikuandikwa. Subira ni ibada, lakini kumsubiri mtu anayekupiga abadilike kama steringi wa Kituruki si subira. Qur'ani katika Suratun Nisaa imetuelekeza wapatanishi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Ninyi wa visiwani mna mahakama za kadhi. Sisi wa bara tuna mabaraza ya usuluhishi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Amka uende.

Basi tufanyeje?

Haya ni yangu, kutoka kwenye chumba chenye vyerehani vitatu na luninga moja ukutani.

Swala kwanza. Nilishawahi kuacha pasi juu ya kanzu ya bwana harusi kwa sababu ya tamthilia, nikailipa kanzu. Kanzu inalipika. Magharibi iliyopita kwa sababu ya tamthilia inauma zaidi. Ikiadhiniwa, izime, marudio yapo.

Chagua. Nyingine ni zina na uchawi mwanzo mwisho, hizo hazina cha kujifunza wala huwezi kuangalia na mwanao. Tafuta zile zinazoanzia baada ya ndoa, zenye watu wanaokosea na kurekebisha.

Usiangalie peke yako ukiweza. Angalia na mama mkwe, na wifi, na binti yako mkubwa, kisha mzungumze. Jambo usiloweza kumwambia mtu usoni, tamthilia inaweza kukufungulia mlango wake. Mimi ilinifungulia.

Bibi harusi, kabla hujaniletea picha ya gauni, niletee majibu. Mtaishi wapi na nani? Kazi yako vipi? Ana deni kiasi gani? Akikosea anasemaje? Hili la mwisho ndilo kubwa. Mwulize walii wako amchunguze: huyu kijana aliwahi kumwomba mtu radhi? Sharti la haki unaruhusiwa kuliweka kwenye ndoa yako. Liwekwe, liandikwe, mashahidi wasikie.

Nanyi mnaotoa nasaha, masomo na makungwi na mashangazi, tunawaheshimu. Lakini mkimaliza kumfundisha binti namna ya kupokea mume, mwulizeni na bwana harusi amefundishwa nini. Binti tunamkalisha siku saba. Kijana anakalishwa lini?

Mimi leo nina mume mwingine, alhamdulillah. Hapendi tamthilia hata kidogo, ni mtu wa Yanga mpaka kwenye mto wa kulalia. Siku ya kwanza aliponikuta naangalia nilijiandaa kwa vita. Akaweka kofia yake, akanywa maji, akauliza, "Huyu anayelia amefanyiwa nini?" Nikamweleza. Akasinzia nusu yake. Lakini asubuhi akiwa anafunga kamba za viatu akauliza, "Jana iliishiaje? Alimwomba radhi?"

Nikamwambia bado.

Akasema, "Huyo jamaa ana shida," akaenda kazini.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu waume wa kuwasikiliza, azilainishe nyumba zetu, na awarehemu mama wakwe waliotutetea. Amin.

Wassalaam, dada yenu wa Kileo.